Kumvutia Mtu Zulia Miguuni: Nahau ya Kiingereza na Dhana ya Tegemeo katika Mabepari wa Venisi na Kinjeketile

Ikisiri

Kiingereza kina nahau isemayo "pull the rug from under someone's feet", yaani kuvuta zulia ambalo mtu amesimama juu yake ili aanguke. Katika tafsiri za Kiswahili, nahau hii aghalabu hupewa visawe vya jumla kama vile kudhoofisha, kuhujumu au kuangusha. Makala haya yanadai kuwa visawe hivyo hupoteza kiini cha nahau yenyewe. Kiini hicho si anguko bali ni tegemeo: mtendwa huondolewa kitu alichoruhusiwa kukitegemea, na anayekiondoa ni mwenye uwezo juu ya kitu hicho. Dai hilo linajaribiwa kwa kusoma tamthilia mbili zilizotoka kwa Kiswahili mwaka 1969, yaani Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere kutoka kwa William Shakespeare, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Inahitimishwa kwamba uteuzi wa kisawe cha nahau hii ni uamuzi wa kihakiki, kwa kuwa humweleza msomaji ni nani aliyetandika na ni nani aliyeondoa.

1. Utangulizi

Mtafsiri anayekutana na nahau ya kigeni huwa na njia tatu mbele yake. Anaweza kuihamisha neno kwa neno, anaweza kutafuta nahau ya lugha lengwa inayokaribiana nayo, au anaweza kuieleza kwa maneno ya kawaida. Njia ya tatu ndiyo iliyo salama zaidi, na ndiyo inayokimbiliwa mara nyingi pale nahau inapohusu kumdhoofisha mtu. Habari ya Kiingereza ikisema kwamba chama kimevuta zulia chini ya miguu ya kiongozi wake, habari ya Kiswahili hueleza kuwa chama kimemdhoofisha, kimemhujumu au kimemwangusha kiongozi huyo. Msomaji huelewa kwamba kiongozi amepata hasara. Asichokielewa ni kama kiongozi huyo alishambuliwa na mahasimu wake au aliondolewa uungwaji mkono na wale wale waliomweka.

Tofauti hiyo haihusu mapambo ya lugha. Inahusu nani alaumiwe. Mtu aliyeshindwa na adui hubaki na heshima ya kuwa alipigana. Aliyeondolewa alichosimama juu yake huonekana mjinga aliyeamini asichopaswa kuamini, na wakati huo huo huonekana mdhulumiwa. Nahau ya Kiingereza hubeba hali hizo mbili kwa pamoja, na ndiyo maana imekuwa kifaa cha kufaa katika mazungumzo ya siasa, biashara na mahakama. Makala haya yanaanza kwa kuchambua nahau hiyo pamoja na ukoo wake katika Kiingereza, kisha yanapima nyenzo zilizopo katika Kiswahili, na hatimaye yanaonyesha namna uchambuzi huo unavyosaidia kusoma upya matukio mawili yanayofahamika vyema katika tamthilia ya Kiswahili.

2. Nahau na Ukoo Wake

Kitenzi cha Kiingereza "undermine", kinachotafsiriwa sana kuwa kudhoofisha, kilikuwa na maana ya kivita kabla ya kupata maana ya kitamathali. Katika Ulaya ya zama za kati, jeshi lililoizingira ngome na kushindwa kuivunja kutoka juu lilichimba njia ya chini kwa chini hadi chini ya ukuta. Wachimbaji walizuia udongo usiwaangukie kwa nguzo za mbao. Kazi ilipokamilika, nguzo hizo zilichomwa moto, paa la shimo likaporomoka, na ukuta ukaporomoka nalo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Rochester, Uingereza, mwaka 1215, ambapo Mfalme John aliagiza aletewe nguruwe 40 walionona ili mafuta yao yatumike kuwasha moto chini ya ngome. Pembe moja ya ngome hiyo ilianguka. Ilipojengwa upya ilijengwa kwa umbo la mviringo, na hadi leo inaonekana tofauti na pembe nyingine zilizo mraba.

Mfano huo una mambo mawili yanayofaa kuzingatiwa. Kwanza, hatua ya kuchimba huchukua muda na hufanyika kwa siri, ilhali hatua ya kuanguka hutokea mara moja. Pili, anayeanguka haguswi. Kinachoharibiwa ni kile kinachombeba. Kitenzi hicho, kilipohamia katika maana ya kitamathali, kilibaki zaidi na hatua ya kwanza: mtu anayedhoofishwa kwa namna hii hudhoofishwa polepole, kwa maneno ya pembeni na vitendo vidogo vidogo. Hatua ya pili, ile ya ghafla, ilipata nahau zake nyingine.

Nahau mojawapo ni ile ya kukata ardhi chini ya miguu ya mtu, ambayo ni ya zamani kuliko ile ya zulia. Kifaransa nacho kina msemo wa kukata nyasi chini ya mguu wa mtu, kwa maana ya kumtangulia katika jambo alilokusudia kulifanya. Nahau ya zulia ni ya karibuni zaidi na ilienea katika karne ya 20. Ijapokuwa kamusi nyingi huzifafanua nahau hizi za Kiingereza kwa maneno yanayofanana, matumizi yake hutofautiana katika jambo moja muhimu. Kukata ardhi hutumika vizuri katika mjadala: msemaji aliyebomoa msingi wa hoja ya mpinzani wake husifiwa kwa kufanya hivyo, na hakuna anayemwona msaliti. Kuvuta zulia, kwa upande wake, huwa na lawama. Ardhi haina mwenyewe katika picha hiyo, ipo tu. Zulia limetandikwa na mtu. Anayelivuta ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kulifikia, na mara nyingi ndiye aliyelitandika.

Kutokana na maelezo hayo, nahau ya zulia inaweza kusemwa kuwa na sifa nne za kimaana. Ya kwanza ni tegemeo: kuna kitu kinachombeba mtendwa. Ya pili ni mamlaka: mtenda ana uwezo juu ya kitu hicho, ama kwa haki ama kwa ukaribu. Ya tatu ni ghafla: tendo halitanguliwi na onyo. Ya nne ni imani: mtendwa anaamini kuwa alichokisimamisha mguu wake ni imara, na imani hiyo ndiyo inayomfanya aanguke vibaya zaidi. Sifa ya pili na ya nne ndizo zinazoipa nahau uzito wa kimaadili, na ndizo zinazopotea kwanza katika tafsiri.

3. Nyenzo za Kiswahili

Jaribio la kwanza la mtafsiri linaweza kuwa tafsiri sisisi. Kiswahili kimepokea kwa urahisi nahau ya kumtandikia mgeni zulia jekundu, na kwa hiyo si jambo la ajabu kudhani kwamba zulia hilo hilo linaweza kuvutwa. Kikwazo kimo katika sarufi. Kiingereza humweka mtendwa katika kirai kinachoonyesha mahali, yaani kutoka chini yake. Kiswahili hupendelea kumweka mtendwa katika kitenzi kwa kiambishi cha yambwa na kauli ya kutendea, na hapo ndipo umbo kumvutia mtu zulia linapozaliwa. Umbo hili lina matatizo mawili. Kuvutia lina maana iliyokwisha kukomaa ya kupendeza. Tena, lifuatwapo na yambwa ya pili huashiria hisani, kwa kuwa anayesema nivutie kiti anaomba kusaidiwa. Msikilizaji wa kauli kwamba waziri amemvutia mwenzake zulia atafikiri, kabla ya jambo lolote, kwamba waziri amemkirimu mwenzake.

Utata wa aina hiyo umo pia katika kumwondolea. Kauli ya kutendea haitofautishi faida na hasara. Nomino inayofuata ndiyo inayoamua. Kumwondolea mtu mzigo ni kumfaa, na kumwondolea mtu riziki ni kumdhulumu. Kwa sababu hiyo, tafsiri yoyote ya nahau hii kwa kitenzi cha kuondoa italazimika kutaja nomino inayojulikana kuwa tegemeo, mathalani nguzo, egemeo au msingi. Zulia halimo katika orodha hiyo. Katika nyumba za Waswahili, zulia, mkeka na jamvi huketiwa, na viatu huvuliwa kabla ya kukanyagwa. Si vitu vya kusimama juu yake. Isitoshe, Kiswahili kina nahau ya kuvunja jamvi, ambayo maana yake ni kumaliza kikao kwa amani, wakati kila mtu amekwisha kuinuka. Mkeka nao una maana mpya katika lugha ya mitaani nchini Tanzania, ambako hutumika kwa orodha ya wateuliwa wa serikali na kwa tiketi ya kubashiri matokeo ya michezo. Kuvuta mkeka kungechukuliwa kwa maana ambazo mtafsiri hakuzikusudia.

Njia ya pili ni kutafuta nahau za Kiswahili zilizo karibu. Zipo nyingi, lakini kila moja hubeba sehemu tu ya sifa nne zilizotajwa. Kumtilia mtu mchanga katika kitumbua chake ni kumharibia faida aliyokuwa karibu kuipata. Kitumbua hakimbebi mtu, kinaliwa. Hasara iliyopo ni ya kukosa, si ya kuanguka. Kumpiga mtu mtama kuna ghafla na kuna ukaribu, lakini tendo huelekezwa kwenye mguu wa mtendwa na kuacha ardhi ilivyo. Kumwacha mtu kwenye mataa kunakaribia zaidi, kwa kuwa aliyeachwa alimtegemea aliyemwacha, ila hapa mwenza huondoka yeye mwenyewe na hachukui kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako husisitiza ukaribu wa adui kwa ukali ambao hata nahau ya Kiingereza haina, lakini kula ni kazi ya polepole. Methali ya mchimba kisima huingia mwenyewe imejengwa juu ya picha ile ile ya kuchimba iliyomo katika kitenzi cha Kiingereza cha vita vya ngome, ila huongeza adhabu: mchimbaji atatumbukia. Nahau ya Kiingereza haitoi ahadi hiyo. Mvuta zulia anaweza kubaki amesimama wima.

Kuhujumu ndicho kisawe kinachostahili tahadhari kubwa kuliko vyote. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana ya kushambulia. Nchini Tanzania lilipata uzito wa kisheria mwaka 1983, ilipotungwa sheria maalumu dhidi ya uhujumu uchumi na watu wengi wakakamatwa kwa kulangua na kuficha bidhaa. Tangu hapo mhujumu ni mhalifu dhidi ya umma. Mvuta zulia si lazima awe mhalifu. Mara nyingi ametenda yaliyo ndani ya haki yake: mfadhili amesitisha fedha, mkuu amebatilisha uteuzi, mahakama imefasiri upya sheria. Kumwita mhujumu ni kumhukumu kwa kosa ambalo nahau haikulitaja, na papo hapo ni kuficha kosa ambalo imelitaja, yaani kuvunja imani aliyoijenga yeye mwenyewe.

4. Sheria Kama Mkeka: Mahakama ya Venisi

Onyesho la mahakama katika Mabepari wa Venisi hutoa mfano kamili wa sifa hizo nne. Shylock anafika mahakamani akiwa na hati inayompa haki ya kukata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio kwa sababu deni la dukati 3,000 halikulipwa kwa wakati. Hana jeshi, hana uraia, na hana rafiki ndani ya ukumbi huo. Tegemeo lake pekee ni sheria ya Venisi, ambayo dola haiwezi kuikiuka bila ya kuwatia hofu wafanyabiashara wa kigeni wanaoitajirisha. Anaamini kwamba sheria hiyo ni imara. Imani hiyo haikutoka hewani. Wenye mji wenyewe wanaithibitisha.

Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anafanya zaidi ya kuithibitisha. Anatamka kuwa hakuna mamlaka ndani ya Venisi iwezayo kubadilisha hukumu iliyokwisha kuwekwa. Anamsihi Shylock awe na huruma, anamwonyesha fedha mara tatu ya deni, na anamwacha azikatae mbele ya watu wote. Anamwambia Antonio ajiandae, anauliza habari za mizani na za mganga wa kuzuia damu. Kila hatua humsogeza Shylock mbele juu ya tegemeo lake, kisu kikiwa mkononi. Hapo ndipo anaposimamishwa: hati imetaja nyama, haikutaja damu. Kisha inaletwa sheria nyingine inayomhusu mgeni anayetafuta uhai wa raia, na mshitaki anakuwa mshitakiwa.

Wahakiki wanaomwona Portia kama wakili hodari husoma tukio hili kwa mantiki ya nahau ya ardhi: amebomoa msingi wa hoja. Usomaji huo una nguvu, kwa kuwa hoja ya damu kweli hutokana na maneno ya hati. Hata hivyo, hauelezi kwa nini hoja hiyo ilicheleweshwa. Wakili anayetaka kubomoa msingi wa hoja angeweza kuanza nao. Ucheleweshaji ndio unaolifanya tukio liwe la zulia. Shylock alihitajika aikatae fedha, na aonekane akiinoa silaha, ili anguko lake liwe la mali na heshima pamoja, na lisiwe la kesi peke yake. Tamthilia hujikinga kwa maadili ya nahau moja huku ikitenda kwa mujibu wa nahau nyingine.

Shylock mwenyewe anatoa ushahidi wa usomaji huu. Baada ya Duke kumsamehe uhai na kutangaza kugawanywa kwa mali yake, anajibu kwa picha ya nguzo inayoishikilia nyumba: ikiondolewa nguzo, nyumba imechukuliwa, na akiondolewa njia ya kuishi, uhai wake umechukuliwa. Maneno hayo huhamia katika Kiswahili bila ya shida, kwa kuwa nguzo ni tegemeo katika lugha zote mbili. Halalamiki kwamba ameshambuliwa. Analalamika kwamba ameachwa hai bila ya kitu cha kumbeba. Ni picha ile ile ya wachimbaji wa Rochester waliochoma nguzo na kuuacha ukuta ufuate wenyewe.

Katika tafsiri ya Nyerere, anwani huongeza jambo ambalo halimo katika matini chanzi. Anwani ya Shakespeare humtaja mfanyabiashara mmoja. Ile ya Kiswahili, iliyotoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hutaja mabepari, tena kwa wingi. Uteuzi huo umejadiliwa sana kama tamko la kisiasa, lakini una matokeo pia katika usomaji wa onyesho la mahakama. Ikiwa wote ni mabepari, basi Shylock na Antonio wamesimama juu ya mkeka mmoja, yaani sheria inayolinda mikataba na mali. Tofauti kati yao ni kwamba mmoja ana mkono kwenye pindo la mkeka huo na mwingine hana. Msomaji anayeelezwa tu kuwa Shylock alidhoofishwa, au alishindwa kesi, hawezi kuiona tofauti hiyo. Anayeelezwa kuwa aliondolewa tegemeo na wale wale waliomhakikishia uimara wake anaiona mara moja, na huenda akaanza kuuliza maswali kuhusu sheria yenyewe.

5. Kukataa Kuvuta: Kinjeketile

Kinjeketile ya Hussein inaleta hali iliyo kinyume. Ndani yake mtenda anao uwezo wa kuvuta, anashinikizwa avute, na anakataa. Tamthilia hii inatokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, lakini mwandishi hakulazimika kufuata kila tukio la historia. Katika historia, Kinjikitile Ngwale alinyongwa mnamo Agosti 4, 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Katika tamthilia anaishi hadi kushuhudia kushindwa kwa watu wake. Mabadiliko hayo ndiyo yanayowezesha swali la tegemeo kuulizwa. Kinjikitile wa historia hakuwahi kuombwa ayakane maji baada ya bunduki kujibu.

Maji katika tamthilia ni tegemeo kwa maana kamili. Watu wa makabila mbalimbali, waliokuwa wakishukiana na kudharauliana, wanapata kitu kimoja cha kusimama juu yake. Kinjeketile anayaleta maji kutoka mtoni pamoja na ujumbe wa umoja. Hata hivyo yeye ndiye wa kwanza kuhisi kuwa tegemeo hilo linayumba. Anapotanabahi kwamba ujumbe alioutamka akiwa amepagawa unasema watakuwa watoto wa Seyyid Said, anaona kuwa anaweza kuwa amewatoa watu kwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa bwana mwingine. Zulia linaondoka chini ya miguu yake kabla ya kuondoka chini ya miguu ya mtu mwingine yeyote. Anajaribu kuchelewesha vita na kutaka watu wafunzwe kwanza, lakini neno limekwisha kumponyoka na limekuwa kubwa kuliko aliyelizaa.

Mwishoni, Kinjeketile na Kitunda wakiwa mateka, afisa wa Kijerumani anataka kauli moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliyewaongoza wapiganaji na kuwaona wakifa, haoni sababu ya kukataa. Kinjeketile mwenyewe aliwahi kuyatilia shaka maji hayo. Kwa kipimo cha ukweli wa kawaida, Kitunda ana haki. Kinjeketile anakataa kwa kuwa anafahamu kauli hiyo itatumikaje. Itakayosemwa uongo kesho haitakuwa dawa pekee. Itakuwa vita vyote vya kutaka kujikomboa, na watakaoambiwa hivyo ni watoto ambao hawajazaliwa.

Uchambuzi wa sifa nne hufafanua kwa nini tukio hili limewagawa wasomaji. Wapo wanaomwona Kinjeketile shujaa, na wapo wanaomwona mtu aliyeogopa kukiri kosa. Pande zote mbili hutazama iwapo maji yalikuwa kweli. Swali la nahau ni jingine: ni nani anayeomba tegemeo liondolewe, na baada ya kuliondoa, watu watasimama wapi? Afisa haombi ukweli kwa ajili ya Wamatumbi wala Wangindo. Anataka mkono uliotandika ndio uvute, kwa sababu anajua kuwa yeye hana uwezo huo. Bunduki zake zimeua watu, lakini hazikuweza kuondoa imani yao. Ni Kinjeketile peke yake mwenye mamlaka hayo. Hiyo ndiyo sifa ya pili ya nahau, na ndiyo inayoupa ukimya wake thamani.

Hata hivyo, usomaji huu haupaswi kuligeuza tukio kuwa rahisi. Tegemeo bovu huua. Waliokwenda mbele ya bunduki wakiamini kuwa risasi zitageuka maji walikufa kwa sababu hakuna aliyewaondolea imani hiyo mapema. Kama kuna kosa la Kinjeketile, halimo katika mwisho wa tamthilia bali katikati yake, alipokuwa na shaka na kumshirikisha Kitunda pekee. Wakati huo, kuwaondolea watu tegemeo kungekuwa kuwafaa, na kauli ya kutendea ingebeba maana yake ya hisani. Baada ya vifo, kitendo kile kile kingekuwa ni kuwadhulumu wafu na watoto wao. Tendo ni moja. Wakati na mwombaji ndivyo vinavyobadilisha maana yake. Utata uliomo katika kumwondolea, ambao sehemu ya tatu iliuona kuwa kikwazo kwa mtafsiri, unageuka kuwa njia ya kuielewa tamthilia.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa nahau ya Kiingereza ya kuvuta zulia haiwezi kutafsiriwa kwa uaminifu kwa kisawe kimoja cha jumla. Pale ambapo tegemeo ndilo linalosisitizwa, kumwondolea mtu egemeo au nguzo kunatosha, mradi nomino itajwe. Pale ambapo ukaribu wa mtenda ndio wenye uzito, kumwacha mtu kwenye mataa kunafaa zaidi. Kuhujumu kunapaswa kuhifadhiwa kwa hali ambazo kweli kuna shambulio au uhalifu.

Kwa hali ambazo sifa zote nne zinahitajika, inapendekezwa kauli kumkunjia mtu jamvi angali ameketi. Kauli hii si nahau iliyokwisha kukubalika, lakini imejengwa kwa vitu vilivyomo katika lugha. Jamvi hutandikwa na mwenyeji, na hivyo mamlaka yamo. Mtu huketi juu yake kwa kualikwa, na hivyo imani imo. Neno angali huleta ghafla, na kitenzi kukunjia kimekwisha kuzoeleka kubeba uchungu katika kumkunjia mtu uso. Aidha, kauli hii inapingana moja kwa moja na kuvunja jamvi, na kumfanya msikilizaji aone adabu iliyokiukwa.

Portia na mahakama yake walimkunjia jamvi mgeni waliyemkaribisha aketi. Kinjeketile aliombwa awakunjie jamvi watu wake, akakataa, ingawa alijua kuwa jamvi lenyewe lilikuwa na matundu. Tamthilia hizo mbili ziliingia mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili katika mwaka mmoja, na zimesomwa kwa miaka mingi kwa maswali yanayohusu haki, ubepari na ukoloni. Maswali hayo yanabaki na uzito wake. Linaloongezwa hapa ni kwamba, kabla ya kuamua nani mshindi na nani mshindwa katika kazi hizo, mhakiki ana wajibu wa kuuliza nani alitandika, nani aliketi, na mkono wa nani uko kwenye pindo.